Redio Isiyojua

Kompyuta yangu ni nzito. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kuinjika chai, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kiduara chake. Binti yangu, ambaye kazi yake ni ya haraka na maisha yake ni ya haraka, kila akija likizo hukaa mbele ya kioo chake akaguna. Safari iliyopita aliniwekea kivinjari kipya, akanionyesha kinavyofungua kurasa kabla hata hujatoa kidole. Kile cha zamani, alisema, kinakula nafasi, kinakwamakwama, na wenye akili zao walishakiacha. Nilimshukuru. Alipopanda basi kuondoka nilirudi kwenye cha zamani, na kile kipya kipo pale pale alipokiacha, sijakigusa.

Aliponiuliza kwenye simu nilimwambia nimekizoea hiki. Sikumdanganya, ila sikumaliza maneno. Kitu kinachosema papo hapo, bila kukupa muda wa kuvuta pumzi, mimi nakiogopa. Niliingiwa na hofu hiyo nikiwa msichana Iringa, miaka ya sabini, nyumbani kwetu Kihesa, wakati tulipokuwa na redio mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya baba. Baba alikuwa seremala, na naamini aliipendea sanduku lake kabla ya sauti yake: mbao nyekundu iliyong'arishwa, pembe zimeungwa bila msumari kuonekana. Ilikuwa redio ya zamani, ya taa za ndani zinazowaka kwanza ndipo iseme. Nyumba haikuwa na umeme, kwa hiyo ilitumia betri ya gari iliyokaa chini ya meza. Betri ikichoka, baba aliifunga nyuma ya baiskeli akaipeleka gereji mjini kuchajiwa, na mpaka irudi nyumba ilikuwa kimya.

Ukiiwasha haikusema kitu. Kioo cha namba kiliwaka rangi ya manjano hafifu, ikaja harufu ya vumbi linalopata joto, kisha mvumo kama wa nyuki walio mbali, na hapo ndipo sauti ya mtangazaji ilianza kusikika kidogo kidogo, kama mtu anayekuja kwako kutoka upande wa pili wa uwanja. Baba aliiwasha mapema kabla ya taarifa ya habari ili ipate moto. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Ukizungusha kitufe chake kidogo tu kuliko ilivyotaka, iliteleza ikaangukia kwenye lugha usiyoijua, na kuirudisha ilikuwa kazi.

Ya pili aliileta kaka yangu. Alikuwa mkubwa wangu, mtoto wa kiume wa pekee, na alikuwa amepata kazi Rujewa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kwetu sisi wa Iringa, tuliozoea ukungu na makoti, Rujewa ilikuwa kama nchi nyingine: tambarare, joto, mbu, ng'ombe wengi kuliko watu. Alirudi likizo baada ya mavuno, amekonda, amekuwa mweusi zaidi, begani amening'iniza kwa mkanda wa ngozi redio ndogo ya mawe, zile betri kavu za mviringo. Aliiweka mezani kando ya ile ya baba, akazungusha kitufe, na muziki ukatoka hapo hapo.

Baba aliitazama. "Mbona haijapata moto?"

"Haihitaji, baba. Hizi ndizo za kisasa. Unawasha, inasema."

"Inasema kabla haijafikiri."

"Na yako inafikiri mpaka habari zinaisha," kaka akajibu, na hata baba akacheka.

Jioni ile walizishindanisha. Ya kaka iliinasa redio ya taifa upesi na safi, maneno yote yakasikika kama mtu yumo chumbani. Lakini baba alipoinamia yake na kuanza kusogeza mshale polepole, alituletea Lusaka, akatuletea muziki wa Kongo, akatuletea mtu aliyesoma habari kwa Kiswahili kutoka Ulaya, sauti ikipanda na kushuka kama inapita juu ya mawimbi. Ya kaka huko haikufika. "Ya kwako inaishia Dodoma," baba akasema, akaenda kulala ameridhika.

Kaka aliporudi Rujewa alimwachia mama redio yake, na hivyo ndivyo tulivyogawanyika. Baba na redio yake ya mbao sebuleni, mama na redio ya mawe jikoni. Mama hakuwahi kuipenda ile kubwa. Alisema ni kama mgeni mwenye cheo, kila kitu inataka isubiriwe. Hii ndogo ilimfuata. Aliitundika kwenye msumari juu ya mafiga, akaihamishia chini ya mti wa pichi akipembua maharage, na mawe yalipoanza kuchoka aliyaanika juani juu ya ungo pamoja na mboga, yakarudisha nguvu kidogo. Zaidi ya yote ilikuwa imeletwa na mwanawe. Mimi nilikuwa upande wa mama. Nilikuwa na umri ambao kusubiri kitu chochote ni adhabu.

Kipindi chetu kilikuwa cha salamu. Watu walinunua kadi, wakaandika majina ya wale wanaotaka kuwasalimu na ujumbe mfupi, wakazituma kwa posta, na mtangazaji akazisoma hewani moja baada ya nyingine. Kadi zilikuwa nyingi, na mtu aliweza kusubiri msimu mzima kabla hajasikia yake. Kaka alizipenda sana. Siku za likizo ile alikaa mezani akaandika kadhaa, akizificha kwa mkono nisisome.

"Nitazituma nikiwa Rujewa, kwa zamu," alisema. "Ili msinisahau."

"Nani wa kukusahau," mama akasema, "na hilo domo lako."

Moja ilisomwa mwezi uliofuata. Mama alikuwa na unga mikononi. Aliposikia jina lake mwenyewe likitoka ukutani alisimama akaitikia, kama mtu aliyeitwa mlangoni, kisha akaona aibu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Ilikuwa mchana, tumekaa barazani mimi na mama tunachambua majani ya maboga, redio ipo kati yetu sakafuni. Muziki ulikatika, yakaja matangazo ya vifo. Hatukuwa tunasikiliza kwa makini. Ni mambo ambayo watu huyasikia huku wakiendelea na kazi zao. Mtangazaji alitaja mtu wa Rujewa kuwa anasikitika kutangaza kifo. Kisha akataja jina la kaka, jina la baba, na kijiji walichotoka wazee wetu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Halafu akaendelea na marehemu mwingine.

Yote yalichukua muda wa kuvunja kikonyo cha jani moja. Sauti ilikuwa safi kabisa. Hakukuwa na mkwaruzo wowote ambao ungetupa nafasi ya kusema tumesikia vibaya.

Mama alinyoosha mkono akaizima. "Mawe yamekwisha," alisema.

Mawe yalikuwa mapya. Nilimwangalia, naye hakunitazama. Alichukua jani jingine, akalichambua vizuri, akaliweka kwenye sufuria. Tuliendelea hivyo mpaka majani yakaisha.

Baba aliporudi kutoka kwenye karakana alikuwa ameshaambiwa njiani. Jirani zetu walikuwa na redio pia. Alisimama sebuleni na kofia yake mkononi.

"Labda ni jina tu," alisema. "Watarudia jioni. Tusikilize kwa hii, hii haikosei."

Akaiwasha redio ya mbao. Kioo kikaanza kuwaka. Ilikuwa bado kwenye ule mvumo wake wa nyuki mama alipoingia, akapiga magoti chini ya meza, akachomoa waya kwenye betri.

"Hii usiiulize," alimwambia baba.

"Mama, tunataka kuhakikisha," baba akasema.

"Umenisikia, baba. Hii haijasema. Iache."

Baba aliuacha waya pale sakafuni. Ujumbe wa simu ya upepo ulifika baadaye, ukasema lile lile: homa kali, ya ghafla. Baba alipanda lori akaenda, lakini maji yalikuwa yamefunika barabara ya kuingia Rujewa, akakwama njiani. Alipofika, kaka alikuwa ameshazikwa, kwenye jeneza lililopigwa kwa mbao za masanduku. Baba aliyetengeneza majeneza ya nusu ya mtaa wetu hakumtengenezea mwanawe. Aliturudia na koti la kaka na viatu. Kwa muda mrefu hakushika randa.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, mama aliifunga redio ya mawe kwenye kanga, akaitia kwenye sanduku la nguo. Haikutundikwa tena. Kisha akaurudisha waya kwenye betri, akavuta kiti, akakaa mbele ya redio ya baba, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kuigusa.

Alijifunza tabia zake. Alijua kuisubiri. Kila siku alasiri, kazi zikishapungua, aliiwasha, akaweka mikono mapajani akatazama kioo kikipata rangi. Matangazo ya vifo yakikaribia, alisogeza mshale upande, akatoka kwenye stesheni, akabaki pale katikati ambapo hakuna mtu, kuna ule mchakacho tu kama mvua kwenye bati. Mwanzoni alikaa hapo mpaka matangazo yaishe. Baadaye alikaa zaidi. Ikafika wakati alikuwa harudi kabisa kwenye stesheni.

Nilimuuliza mara moja. "Mama, hapo kuna nini?"

"Kaa usikilize."

Nikakaa. Kulikuwa na mchakacho, na nyuma ya mchakacho mluzi mwembamba uliopanda na kushuka, na nyuma ya mluzi, mbali sana, kitu kama watu wanaozungumza katika nyumba ambayo milango yake imefungwa. Sitasema nilisikia sauti ya kaka. Nilisikia pumzi, kama ya mtu anayetaka kuanza kusema halafu anasita. Nilipogeuka, mama alikuwa ananiangalia usoni kuona kama nimesikia.

"Hii haijui," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kwenye hii bado hajafa."

Sikumwambia mtu maneno hayo. Lakini tangu siku ile sikupenda kupita sebuleni peke yangu, na hata redio ikiwa imezimwa niliona kama kioo chake bado kina rangi kidogo. Baba naye aliihama redio yake. Taarifa ya habari alikwenda kuisikiliza kwa jirani, akirudi anapitia mlango wa uani.

Msimu wa mvua ulikuwa umepita zamani, mashamba yamekauka, tulipomsikia. Mama alikuwa ameiacha redio kwenye stesheni, kwa sababu matangazo yalikuwa bado. Mimi nilikuwa napiga pasi nguo za shule. Kipindi cha salamu kilikuwa kinaendelea, na mtangazaji yule yule mchangamfu akasema, "Na sasa tunaelekea Rujewa," akataja jina la kaka. Anawasalimu mama yake mzazi na baba yake mzazi wa Kihesa, Iringa, na mdogo wake asiyependa kusubiri. Ujumbe wake unasema: mimi ni mzima, msiwe na wasiwasi, mvua zikikatika nitakuja.

Halafu akapiga muziki.

Pasi iliunguza kola ya blauzi. Niliipata harufu ndipo nikainua mkono. Mama hakuruka, hakulia. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayepokea jibu alilokuwa analitarajia. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa amesikia yote.

"Ni kadi za zamani," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Zimechelewa kwenye foleni yao."

"Najua ni kadi," mama akasema.

"Nitawaandikia waache kuzisoma."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba mtu huyu hayupo."

"Na wewe ndiye utakayewaambia?"

Baba aliingia, akakaa kwenye kiti chake ambacho alikuwa hajakikalia tangu msiba, na wakakaa wote wawili wakisikiliza muziki wa watu wengine mpaka kipindi kikaisha. Asubuhi niliona ameifunga betri nyuma ya baiskeli anaipeleka kuchajiwa, ingawa ilikuwa bado na nguvu.

Hatukujua kaka alikuwa ameandika kadi ngapi, wala ngapi alikuwa amezituma. Hilo ndilo lililotukaa moyoni. Nyumba nzima ikawa inasubiri. Mgeni akizungumza wakati wa salamu, baba alimwomba anyamaze. Miezi ikapita, mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na mtangazaji hakwenda tena Rujewa kwa ajili yetu. Lakini mtu hawezi kuwa na hakika kwamba kadi fulani ndiyo ya mwisho.

Nilimaliza masomo, nikapangiwa kufundisha Mbeya. Nilipata chumba karibu na Mwanjelwa, na nilipojikusanyia fedha kidogo nilikwenda sokoni kununua redio yangu mwenyewe. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye asili yake ilikuwa pwani, Kiswahili chake laini mpaka sisi wa bara tulikuwa tunajisikia tunatafuna maneno. Alizipanga mbele yangu.

"Hii nyepesi, dada, waweza kwenda nayo popote. Hii sauti yake nzito. Hii haimalizi mawe upesi. Wewe wapenda ipi?"

"Ipi inachelewa kuwaka?"

Alinitazama juu ya miwani. "Wenzio wote huniuliza ipi inayowahi."

Kabla sijajibu aliwasha moja ili nisikie sauti yake. Ilikuwa saa ya salamu. Na mtangazaji akataja jina la kaka.

Nilishika ukingo wa meza ya duka. Watu walikuwa wanapita nyuma yangu na vikapu vya ndizi, mtu ananadi sabuni, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikimsubiri ndugu yangu aniambie anakuja lini. Mtangazaji akaendelea. Alikuwa kijana wa Tabora, jina tu limefanana, akimsalimu mchumba wake na fundi cherehani aliyemshonea suruali.

"Dada, waumwa?" mzee akauliza.

"Nilikuwa nasikiliza tu."

Akaniletea kiti na maji. Sikununua redio siku hiyo.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimsimulia mama. Nilidhani atataka kujua yule wa Tabora alisema nini. Aliniuliza jambo moja.

"Ulisimama ukamsubiri?"

"Nilisimama."

Alivuta uzi kwenye pindo la kanga. "Basi twende Rujewa," alisema. "Nilidhani kumsubiri huku ni kwangu peke yangu."

Tulikwenda sote watatu, wakati wa kiangazi, barabara ikiwa vumbi tupu. Mama alikuwa hajawahi kufika. Baba alituongoza mpaka nyumba aliyokuwa amepanga kaka, kwa familia ya Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja kukaa kwenye bonde hilo la Usangu. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mrefu wa makamo. Alitupeleka kwanza kaburini, ukingoni mwa mashamba. Palikuwa pamefyekwa, na mtu alikuwa amepanga mawe kuzunguka. Baba alipiga magoti akayanyoosha yale yaliyopinda. Mama alisimama tu. Nilimwona anatega sikio, kwa mazoea, na hapakuwa na kitu ila upepo kwenye mabua ya mpunga.

Tuliporudi nyumbani kwake yule mwanamke alitupa maziwa. Mama akamwuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Mimi, mama. Usiku na mchana. Homa ilimpanda kichwani, akawa hasemi tena Kiswahili. Alisema kwa lugha yenu, na hapa hakuna aliyemwelewa. Alirudia neno moja tu. Mpaka leo linanisumbua, maana nilikuwa namjibu 'ndiyo, ndiyo', na sijui nilikuwa namkubalia nini."

"Unalikumbuka?"

Mwanamke alilisema. Alilisema kwa ulimi wa Kisukuma, silabi zimekaa vibaya, akarudia tena taratibu. Mimi na baba tulilitambua pamoja na mama. Lilikuwa Kihehe cha nyumbani, cha kila jioni ya baridi.

"Alikuwa anaomba mlango ufungwe," mama akasema. "Alikuwa anasikia baridi."

Yule mwanamke aliweka mkono mdomoni. "Sisi tulimwachia wazi. Palikuwa na joto kali, tulidhani anataka hewa."

"Mlifanya vizuri. Ungejuaje?" Mama akaweka kikombe chini. "Chumba chake ni kipi?"

Kilikuwa uani. Sasa walihifadhi magunia ya mpunga. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, umeegemea ukuta, na kuku walikuwa wanaingia na kutoka. Mama aliwafukuza kuku kwa upole. Aliingia akasimama ndani kidogo, akatazama kona zote. Kisha akatoka, akauvuta mlango. Ulikuwa umelegea bawaba na ulikwama chini, baba akausaidia kuuinua, ukaingia kwenye fremu yake. Mama aliegemeza kiganja juu yake akasema maneno machache kwa Kihehe, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu aliye upande wa pili wa ukuta kwamba umeshamaliza alichokutuma.

Mwenye nyumba alitusindikiza mpaka barabara kuu. Lori lilichelewa. Mama alikaa kwenye kivuli cha duka lililofungwa, akavua viatu, akaomba maji akanywa yote, kisha akaniegemea begani akalala, na baba akasimama juani upande ule ili kivuli chake kimfike.